Mikono Miwili ya Kuume: Lugha, Adabu na Kiinimacho

Neno la Kifaransa *ambidextre* limetoka katika Kilatini: *ambi*, yaani pande mbili, na *dexter*, yaani wa kuume. Hodari wa mikono yote miwili, basi, ni mtu mwenye mikono miwili ya kuume. Wa kushoto haukusifiwa hapo, umefutwa tu. Je, lugha zetu zinasemaje? Na jibu lina faida gani kwa mtu anayetaka kucheza kiinimacho mbele ya watu wa Kasongo au Kabambare?

Tuanze na majina. *Mkono wa kulia* ni mkono wa kulia chakula: kitenzi *-la* pamoja na kiambishi cha kutendea. Kitenzi hichohicho kimo katika *iburyo* ya Kinyarwanda, *rudyi* ya Kishona na *isandla sokudla* cha Kizulu. Kiswahili cha Kongo hupenda zaidi *kuume*, upande wa kiume. Lingala nayo husema *lobɔkɔ ya mobali* kwa mkono wa kuume na *lobɔkɔ ya mwasi* kwa wa kushoto. Lugha nyingine zimeutaja mkono kwa kazi yake, nyingine kwa jinsia. Kwa njia zote mbili, kushoto kumewekwa chini.

Kusini mwa Maniema, Uislamu ulioingia na misafara ya karne ya 19, iliyopita Kabambare kufika Kasongo, uliongeza adabu yake: kuume ni kwa kula na kupokea, kushoto ni kwa kujisafishia chooni.

Sasa tutazame mchezo. Katika Kongo ya leo sarafu hazizunguki sokoni, kwa hiyo tuchukue kizibo cha chupa. Mchezaji anakiweka katika kiganja cha kuume, anajifanya kukihamishia kushoto, kumbe kimebaki palepale. Si kasi inayodanganya. Macho hufuata mkono unaodhaniwa kuwa na kitu, kwa hiyo mikono miwili lazima iseme uongo mmoja: mtupu ufumbwe kana kwamba umejaa, uliojaa ulegee kana kwamba ni mtupu. Kushoto kukiwa kuzito, siri imetoka. Tena watazamaji wakikaa nusu duara, mwenye kujua upande mmoja tu ataonekana na walio kando. Anayeweza kugeuza mchezo huchagua pa kujificha.

Zoezi lake ni rahisi kulieleza: hamisha kizibo kwelikweli, polepole, mara nyingi, kwa kila mkono, tazama vidole vinavyofanya, kisha iga mwendo uleule bila kukihamisha. Kwamba mkono dhaifu hufundishika, René Lavand wa Argentina (1928–2015) ni shahidi. Alipoteza mkono wa kuume akiwa na miaka tisa, akawa bingwa wa karata kwa mkono wa kushoto peke yake.

Lakini mbele ya wazee kuna ugumu mwingine. Mwaka 2001 Sotaro Kita na James Essegbey walieleza jinsi mwiko wa kushoto unavyobadili ishara za mikono nchini Ghana: wapo wanaouweka mkono huo mgongoni wanapoonyesha njia kwa kuume, na wapo wanaoonyesha kwa mikono miwili pamoja ili wasivunje adabu. Penye mwiko, mkono wa kushoto ukitangulia huvuta macho, na kiinimacho hakitaki macho hapo. Dawa imo katika adabu yenyewe. Sehemu nyingi za Afrika ya Kati na ya Mashariki, mtu hutoa kitu kwa kuume huku kushoto kukishika mkono unaotoa. Ni heshima, na ni sababu halali ya mikono miwili kukaribiana bila kushukiwa.

Kifaransa humwita mchezaji *prestidigitateur*, mwepesi wa vidole. Kiswahili kinasema *kiinimacho*: siri imo machoni mwa mtazamaji. Tofauti hii si ndogo mahali ambapo kushukiwa ulozi kunaweza kumwangamiza mtu. Neno hilo linatangaza mapema kwamba hapa hakuna dawa wala jini.

Na aliyezaliwa akitumia kushoto? Kiswahili husema *ana shoto*. Ana kitu, hakupungukiwa. Walimu wanaowapiga watoto vidole ili wahamishe kalamu wangeanzia kwenye sarufi hiyo.