Kwa Nini Mbwa wa Musoma Husubiri Miezi Minne Kwenda Ulaya

Tuseme mwalimu wa Mwisenge, Musoma, amepata nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani. Viza imetoka, tiketi imekatwa, nyumba imepata mpangaji. Kimebaki kitu kimoja: mbwa. Shemeji yake wa Bunda alikwisha kuahidi kwamba atamchukua. Wiki mbili kabla ya safari simu inaita: "Shem, nisamehe sana. Nimehamishiwa Tabora, na huko nimepata chumba kimoja tu. Huyo mbwa nitamweka wapi?" Mwalimu anakata simu na kuamua papo hapo: basi nitaondoka naye.

Haitawezekana. Hata kama ana fedha za kumlipia mbwa nauli mara mbili, mbwa aliyekulia Musoma na ambaye hajaanza kuandaliwa huhitaji takriban miezi minne ili aingie kihalali katika nchi ya Umoja wa Ulaya. Ni rahisi kuulaumu urasimu wa Wazungu, lakini muda huo una sababu zake. Ya kwanza ni mwendo wa kirusi cha kichaa cha mbwa ndani ya mwili. Ya pili ni hali ya mbwa wengine wa nchi nzima, ambao mbwa wa mwalimu hajawahi hata kukutana nao.

Hesabu inavyokwenda

Safari ya mbwa huanzia chini ya ngozi, kwa chipu ndogo yenye namba ya tarakimu 15. Chipu hutangulia, chanjo hufuata. Mbwa akichanjwa kabla ya kuwekewa chipu, hakuna kinachothibitisha kwamba cheti ni chake na si cha mwenzake wa rangi ileile, hivyo chanjo hiyo haihesabiwi. Siku ya chanjo awe na umri usiopungua wiki 12.

Zikipita angalau siku 30, daktari wa mifugo anachukua damu. Damu hiyo inapelekwa kwenye maabara iliyoidhinishwa na Umoja wa Ulaya kupima kingamwili dhidi ya kichaa cha mbwa, nazo zisipungue uniti 0.5 za kimataifa kwa kila mililita. Majibu yakiwa mazuri, miezi mitatu inahesabiwa tangu siku damu ilipotolewa. Mwisho kabisa, ndani ya siku 10 kabla ya kuwasili, daktari wa serikali anatoa cheti cha afya. Siku 30 ukijumlisha na miezi mitatu, ndiyo hiyo minne.

Siku 30 za mwanzo zinaeleweka. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutengenezwa kwa virusi vilivyouawa, na mwili unahitaji muda wa kuvitambua na kutengeneza kingamwili za kutosha. Kuna mbwa wasioitikia vizuri, na kuna chanjo zilizoharibika kwa joto kabla hazijafika kwenye sindano. Kipimo cha damu huwabaini mbwa wa namna hiyo.

Swali gumu ni la ile miezi mitatu. Kama kingamwili zimeonekana, mbwa anasubiri nini tena?

Kirusi kinachopanda polepole

Virusi vya magonjwa mengi husambaa mwilini kwa njia ya damu. Kirusi cha kichaa cha mbwa hufuata njia nyingine. Kinaingia kwa mate kupitia jeraha la kung'atwa, kinatulia kwenye msuli, kisha kinaingia kwenye neva na kupanda taratibu kuelekea uti wa mgongo na ubongo. Katika safari yote hiyo mbwa anakula, anacheza na kubweka kama kawaida. Kikishafika kwenye ubongo kinashuka tena kwa njia ya neva hadi kwenye tezi za mate. Hapo ndipo mbwa hubadilika tabia na kung'ata, na hafikishi siku nyingi kabla ya kufa.

Sasa fikiria mbwa aliyeng'atwa Jumatatu na kuchanjwa Ijumaa. Baada ya mwezi, damu yake inaweza kuonyesha kingamwili nzuri kabisa huku kirusi kikiwa bado njiani ndani ya neva. Kipimo cha damu hakimtofautishi mbwa huyo na aliye salama. Anayewatofautisha ni muda: subiri, na kama kirusi kilikuwamo, kitajitokeza.

Ushahidi wa jambo hili umekusanywa hapahapa mkoani Mara na kwa majirani. Katika wilaya za Serengeti na Ngorongoro, mtafiti Katie Hampson na wenzake walifuatilia matukio ya kung'atwa nyumba kwa nyumba, wakiuliza mbwa gani alimng'ata nani, lini, na nini kilifuata. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2009. Kwa wastani, mbwa aliyeambukizwa alionyesha dalili baada ya wiki tatu hivi, na dalili zikishaanza aliishi siku tatu hivi. Wachache walichukua muda mrefu zaidi, na miezi mitatu ya kusubiri huwanasa karibu wote.

Uingereza ilijifunza gharama ya kutosubiri. Iliutokomeza ugonjwa huu mwaka 1902, kisha mwaka 1918 ukarudi, wakilaumiwa askari waliorejea kutoka Vita vya Kwanza vya Dunia na mbwa waliowaingiza kwa siri. Ilichukua hadi 1922 kuufuta tena. Kwa miongo mingi baadaye, mbwa wa kigeni alifungiwa karantini miezi sita. Ni mwaka 2012 tu ambapo mbwa wa nchi kama zetu walifunguliwa njia ya chanjo, damu na miezi mitatu.

Marekani nayo ilikaza kanuni zake tarehe 1 Agosti 2024. Tanzania imo kwenye orodha yake ya nchi zenye hatari kubwa ya kichaa cha mbwa. Mbwa aliyechanjwa huku awe na chipu, awe ametimiza miezi sita, na apitie viwanja vichache vilivyoteuliwa. Asipokuwa na majibu ya damu yanayokubalika, anakaa karantini siku 28 kwa gharama ya mwenyewe.

Meno ya jirani

Mbwa wa Makoko, Musoma, anayelala ndani ya geti na kuogeshwa kila Jumamosi anapangwa kundi moja na mbwa anayezurura mnadani Bunda. Mwenye mbwa huona ameonewa. Lakini ofisa wa uwanja wa ndege wa Frankfurt hawezi kuliona geti la Makoko. Anaiona nchi, na katika nchi hii inakadiriwa kuwa watu wapatao 1,500 hufa kila mwaka kwa kichaa cha mbwa, wakiwamo watoto wengi. Duniani kote ni takriban 59,000. Kwa hiyo mbwa wako hahukumiwi kwa meno yake, anahukumiwa kwa meno ya majirani.

Habari njema ni kwamba majirani hao wanafikika. Ile kazi ya Serengeti ilionyesha kuwa mbwa mmoja mwenye kichaa huambukiza wenzake kati ya mmoja na wawili kwa wastani. Kwa ugonjwa wa kuambukiza, hicho ni kiwango cha chini, na mnyororo wake unakatika. Tena mbwa wengi wa vijijini, hata wanaozurura, wana mwenyewe na wana jina.

Siku ya chanjo katika kijiji cha Bunda au Butiama, wa kwanza kufika ni watoto. Mmoja anavuta mbwa wawili kwa kamba ya katani, mwingine amemfunga wake kwa kipande cha mpira wa baiskeli, wa tatu amempakata mtoto wa mbwa. Foleni inakaa mbalimbali ili mbwa wasigombane. Mchanjaji anaivuta ngozi ya shingoni, anachoma, mililita moja imeingia. Mwenzake mwenye daftari anauliza: "Anaitwa nani?" Mtoto anajibu "Simba," na kabla wino wa cheti haujakauka, Simba wa pili anasogea.

Shirika la Afya Duniani linashauri kuchanja asilimia 70 ya mbwa kila mwaka. Mtu atauliza kwa nini wengi hivyo, kama mnyororo wenyewe ni dhaifu. Sababu ni kwamba mbwa wa kijijini hawaishi miaka mingi. Waliochanjwa wanakufa, wanazaliwa wengine wasio na kinga, na kufikia mwisho wa mwaka kinga ya kijiji imeshuka sana. Asilimia 70 ni akiba ya kukifikisha kijiji hadi kampeni ijayo.

Ndiyo maana watafiti wa Kitanzania na wenzao wa vyuo vikuu vya Glasgow na Jimbo la Washington walitafuta namna ya kuiacha chanjo ibaki kijijini, badala ya gari la wataalamu kufika mara moja kwa mwaka. Kikwazo kilikuwa friji. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa chanjo moja inayotumika sana ilifanya kazi vilevile hata baada ya kukaa miezi sita kwenye nyuzijoto 25, au miezi mitatu kwenye nyuzijoto 30. Kutoka hapo yakaja majokofu ya udongo: chungu ndani ya chungu, katikati mchanga uliolowa. Maji yanapokauka yanaondoka na joto, na chanjo iliyo ndani inabaki baridi bila umeme.

Barabarani na angani

Mbwa akishakamilisha miezi yake, bado kuna jiografia. Mabasi ya Musoma kwenda Arusha hukata kupitia Serengeti, lakini mbwa haruhusiwi kuingia hifadhi ya taifa. Sababu inaeleweka kwa anayekumbuka mwaka 1994, ambapo kirusi cha homa ya mbwa, kilichohusishwa na mbwa wa vijiji vya pembezoni, kiliua simba wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya simba wote wa Serengeti. Kwa hiyo mwenye mbwa anayeelekea Kilimanjaro atazunguka kupitia Mwanza na Singida. Anayekimbilia Nairobi kupitia Sirari atahitaji vibali vya pande zote mbili, na hatapunguza hata siku moja, kwa sababu mbele ya Ulaya Kenya iko kundi lilelile na sisi.

Ndani ya ndege adui mkubwa ni joto. Mbwa hatoki jasho la kutosha kumpoza. Hupoa kwa kuhema huku ulimi ukiwa nje, mvuke ukiondoka na joto kama ule wa chungu cha chanjo. Kizimba kikibana na hewa ikajaa unyevu, mvuke hauondoki na mbwa anapata joto kupita kiasi. Ndiyo maana kizimba hutakiwa kiwe na matundu pande zote, na mbwa aweze kusimama, kugeuka na kulala. Mbwa wenye pua fupi wako hatarini zaidi. Dawa za usingizi hazishauriwi, kwani huvuruga mapigo ya moyo, shinikizo la damu na uwezo wa mwili kudhibiti joto.

Shemeji akighairi

Kwa mwalimu wetu mwenye wiki mbili, jibu ni kumwacha mbwa Musoma. Afadhali mtunzaji amfuate mbwa kwake kuliko mbwa kuhamishiwa ugenini, maana mbwa aliyehamishwa ghafla hutoroka kutafuta kwao, na barabarani ndiko anakong'ata au kung'atwa. Mtunzaji aachiwe cheti cha chanjo na namba ya ofisa mifugo wa kata. Aelezwe pia kwamba mtu aking'atwa, jeraha lioshwe kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kwa kuwa sabuni huyeyusha utando wa mafuta unaokifunika kirusi, kisha aende hospitali bila kuchelewa. Mbwa mwenyewe afungwe na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima, mate yake hayakuwa na kirusi siku ile aliyong'ata.

Kwa mwenye muda, kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Majibu ya kipimo cha kingamwili yakishapatikana, Umoja wa Ulaya huyatambua maisha yote ya mbwa, mradi chanjo za marudio zisipitwe hata kwa siku moja. Mwenye uwezekano wowote wa kusafiri, hata kama mtunzaji amekwisha kupatikana, akapime damu mapema. Shemeji akighairi, mbwa atakuwa anasubiri cheti cha siku 10 tu.

Hiyo ni njia ya mtu mmoja mmoja. Miezi hiyo ya kusubiri itafutika siku Tanzania itakapoacha kuhesabiwa nchi ya hatari, na huko hakufikiki kwa vyeti vya mbwa wa ndani ya geti. Kwa hiyo timu ya chanjo ikifika mtaani kwako, usiseme wa kwangu tayari anacho cheti. Chukua kamba, ukamsaidie jirani kuwaleta wa kwake.