Harambee Yako Ifikie Lengo: Panga Hivi

Bili ya hospitali haingoji, na jamaa na majirani wako tayari kuchanga. Kinachowafanya wasite mara nyingi ni swali moja: pesa zinaingia kwa nani? Tunakushauri hivi:

1. Taja lengo kwa hesabu. Bili ni ngapi, imelipwa ngapi, imebaki ngapi, na siku ya mwisho ni lini?

2. Usikusanyie kwa laini ya mtu binafsi. Akiwa na deni la Fuliza, mchango ukiingia tu unakatwa. Kamati ifungue Paybill, au watu walipe kwa Paybill ya hospitali wakiweka nambari ya mgonjwa.

3. Kila jioni mweka hazina aweke orodha kwa WhatsApp: jina, kiasi, jumla. Aliyetuma 50 atajwe kama aliyetuma 5,000. Nambari za simu zisionekane.

4. Kabla ya kutuma, hakikisha jina la anayepokea. PIN yako usimpe mtu, hata mwenyekiti.

5. Mkimaliza, onyesheni risiti ya hospitali. Siku mwingine akikwama, watu watachanga bila kuuliza mara mbili.