Chumvi ya Kisima Chako Imetoka Wapi?

Maji ya kisima yakianza kuwa na chumvi Tunduma, maelezo huwa yako tayari: ardhi ya huku ndivyo ilivyo. Mwenye nyumba anasema hivyo, wapangaji wanakubali, na ua mzima unaendelea kunywa. Naomba maelezo hayo yasipokelewe kabla ya kupima. Kwa kisima kifupi kilichochimbwa kwa mkono katikati ya nyumba za Majengo, Sogea au Kaloleni, wa kushukiwa kwanza ni choo. Ardhi ifuate baadaye.

Tuanze na mahali penyewe. Bahari iko mbali nasi mamia ya kilomita, kwa hiyo balaa la Dar es Salaam, ambako visima vya karibu na pwani vimeingiliwa na maji ya bahari kwa sababu ya kuvutwa kupita kiasi, halituhusu. Theluji nayo hatuna. Marekani na Canada humwaga chumvi barabarani majira ya baridi ili barafu iyeyuke, na mtu wa huko akilalamikia kisima chake, wachunguzi hukimbilia kwanza kuangalia barabara. Tunduma iko nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, juu ya miamba migumu ya kale sana. Maji ya ardhini hukaa kwenye tabaka la mwamba uliochakaa na katika nyufa zilizo chini yake, na mvua za Novemba hadi Aprili huyaongezea maji mapya kila mwaka. Maji ya mazingira ya namna hii, yasipoguswa na binadamu, kwa kawaida hayana chumvi ya kuonjeka.

Ukishuka kuelekea Ziwa Rukwa, habari inabadilika kabisa. Mto Momba na Mto Songwe huingia katika ziwa hilo, lakini hakuna mto unaotoka. Maji huondoka kwa kukaushwa na jua, chumvi inabaki, na imekuwa hivyo kwa maelfu ya miaka. Ivuna, wilayani Momba, kuna chemchemi za maji ya chumvi ambazo watu walikuwa wakichemsha maji yake kupata chumvi karne nyingi kabla ya wakoloni kufika. Wanaakiolojia Brian Fagan na John Yellen walifukua mabaki ya kazi hiyo na kuchapisha matokeo yao mwaka 1968. (Wengine wanaijua Ivuna kwa kimondo kilichoanguka huko Desemba 1938, lakini kwa mtu wa maji, chumvi yake ndiyo habari kubwa.) Kisima chenye chumvi katika tambarare hizo kinaweza kabisa kuwa kimeipata ardhini, na kuongeza kina kunaweza kuzidisha tatizo badala ya kulimaliza.

Kuna na chanzo cha tatu, nacho ni maji ya moto. Katika bonde la Mto Songwe, upande wa kuelekea Mbeya, zipo chemchemi zinazotoa maji ya moto yenye mapovu ya gesi na zimeacha mawe mengi ya chokaa pembeni mwake. Chumvi iliyotawala humo ni bikaboneti ya sodiamu, ndugu wa magadi. Mama anayepika anaweza kuitambua kabla ya mtu wa maabara: maharage huiva upesi, na sabuni inatoa povu bila shida. Maji magumu, yenye chokaa na magnesiamu, hufanya kinyume chake. Povu halikai, maharage yanamaliza mkaa, na birika linashika ukoko mweupe. Yenye kloridi, yaani chumvi ile ya mezani, utayajua kwenye chai. Ladha peke yake haitoshi kutoa hukumu, lakini mwambie anayekuja kupima mambo haya yote, maana yanampunguzia kazi.

Sasa turudi Tunduma, kwenye kiwanja kimoja cha nyumba ya kupanga. Tuseme wanaishi watu 20. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima hula wastani wa karibu gramu 11 za chumvi kwa siku, zaidi ya mara mbili ya gramu 5 linazozishauri. Tuchukue gramu 8 tu, maana humo wamo watoto. Chumvi tunayokula haipotei mwilini. Sehemu kubwa sana hutoka na mkojo. Kwa mwaka, ua huo unapeleka chooni kilo 58 hivi za chumvi, zaidi ya mfuko mzima wa kilo 50. Ili kloridi iliyomo izimuliwe hadi miligramu 250 kwa lita, kiwango ambacho ulimi wa watu wengi huanza kukihisi, yanahitajika maji safi zaidi ya lita 140,000 kila mwaka. Hicho ni kiwanja kimoja. Sensa ya 2012 iliwakuta watu wasiofika laki moja Tunduma. Ile ya 2022 ilipita laki mbili. Vyoo vya shimo viliongezeka pamoja nao, na kila ua uliokosa bomba ulichimba kisima chake.

Ubaya wa kloridi ni kwamba udongo hauishiki, wala hakuna kijidudu kinachoila. Umbali wa mita 30 kati ya choo na kisima, tunaouhimiza siku zote, husaidia sana kupunguza vimelea. Kloridi huo umbali inaupita. Kwa sababu hiyo, chumvi inaweza kutangulia kuonekana kisimani, ikiwa dalili kwamba maji ya chooni yamekwisha kupata njia. Nyuma yake huja nitrati, inayotokana na uchafu huo huo, na nitrati haina ladha.

Maabara inatenganisha washukiwa kwa kuangalia vitu vinavyotembea pamoja. Kloridi ikiwa juu na nitrati ikiwa juu, fikiria choo, zizi au shimo la maji taka. Nitrati chache nazo hazikiachii choo huru: shimo likiwa ndani ya maji hukosa hewa, na naitrojeni hubaki katika hali ya amonia. Kwa hiyo omba amonia ipimwe pia, pamoja na bakteria wa kinyesi. Vijijini Mbozi, kwenye mahindi na kahawa, nitrati zisizo na bakteria zinaweza kuwa za mbolea. Bikaboneti na sodiamu zikiwa nyingi huku kloridi na nitrati zikiwa chache, tazama miamba. Penye utata, wataalamu hupima pia bromidi. Chumvi ya jikoni ilipogandishwa iliiacha bromidi nyingi nyuma, kwa hiyo maji taka ya majumbani huwa na kloridi mara 300 hadi 600 ya bromidi, ilhali katika maji ya mvua uwiano huo mara nyingi hauvuki 150.

Kazi nyingine inafanyika mtaani bila maabara. Kifaa cha mkononi kinachopima jinsi maji yanavyopitisha umeme hutoa jibu papo hapo, na namba hupanda kadiri chumvi zilizoyeyuka zinavyoongezeka. Pimeni visima vyote vya jirani siku moja, kisha mchore ramani ya mtaa yenye visima, vyoo, hata mashimo ya zamani yaliyofukiwa, na mwelekeo wa mteremko. Namba kubwa zikijikusanya chini ya vyoo huku visima vya juu vikiwa safi, mmeshapata pa kuanzia. Ikiwa visima vyote vinalingana, au virefu vimezidi vifupi, lawama inaelekea ardhini. Rudieni kipimo mwisho wa kiangazi na katikati ya masika. Kisima ambacho namba yake inaruka siku chache baada ya mvua kubwa kinaingiza maji ya juu, pengine kwa sababu mdomo wake haukujengewa vizuri.

Nimeona watu wakitumia fedha kwa tiba zisizohusika. Kuchemsha kunaua vimelea, lakini chumvi na nitrati vinabaki, tena maji yakipungua sufuriani vinakolea. Dawa ya klorini haiviondoi, wala shabu. Kuongeza kina cha kisima pale pale karibu na choo mara nyingi ni kununua miaka michache tu. Kinachosaidia ni kuhamisha chanzo: bomba linapofika, maji ya mvua yaliyokingwa kwenye bati safi, au kisima kirefu kilichochimbwa upande wa juu na mchimbaji mwenye leseni, sehemu ya juu ikiwa imezibwa kwa saruji.

Sampuli zipelekwe maabara ya ubora wa maji ya Wizara ya Maji iliyopo Mbeya, na ushauri wa pa kuchimba uulizwe Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Rukwa. Uliza kwanza chupa gani itumike na sampuli ifike ndani ya muda gani. Taja kwa jina unavyotaka vipimwe: kloridi, nitrati, amonia, sodiamu, bikaboneti, floraidi na bakteria wa kinyesi. Wakati unasubiri majibu, maji ya kisima kilichobadilika ladha yatumike kufua na kusafisha. Na nitrati ikionekana kupita miligramu 50 kwa lita, mtoto mchanga asikorogewe maziwa kwa maji hayo hata mara moja, yawe yamechemshwa au la.