Je, Prosesa Ndiyo Inayoichelewesha Kompyuta Yako?

Kompyuta ya nyumbani ikianza kusuasua, aghalabu mwenyewe huilaumu prosesa kwanza. Prosesa ndiyo itekelezayo amri na kufanya hesabu, na jina lake ndilo husifiwa zaidi dukani. Si ajabu basi ikibebeshwa kila kosa. Lakini prosesa mpya ni ghali. Mwalimu aliyejinyima miezi kadhaa ili ainunue anastahili kujua, kabla ya kulipa, kama fedha yake itampunguzia kungoja.

Tuanze na hesabu ndogo. Prosesa ya gigahezi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Sasa itazame diski ya kuzunguka, ambayo ingali imo katika kompyuta nyingi za zamani. Diski ya kawaida ya aina hiyo huzunguka mara 7,200 kwa dakika, yaani mara 120 kwa sekunde. Kwa wastani, kichwa kinachosoma hungojea nusu ya mzunguko kabla ya taarifa inayotakiwa kukifikia, nayo ni milisekunde 4 na kidogo. Katika muda huo prosesa imekwisha kupiga mapigo zaidi ya milioni 12, na kama haina kazi nyingine, yote yamepita bure. Prosesa ya gigahezi 6 ingepoteza milioni 25. Ingengoja vile vile, ila ingengoja kwa mbio zaidi!

Mwaka 1967 mhandisi wa Kimarekani, Gene Amdahl, alitoa hoja ambayo baadaye ilipewa jina lake: faida ya kuharakisha sehemu moja ya kazi huwekewa mpaka na sehemu ambayo haikuguswa. Tuchukue mfano. Kazi fulani huchukua sekunde 100. 40 ni za prosesa na 60 ni za diski. Tukiweka prosesa yenye kasi maradufu, tutapata 20 na 60, jumla 80. Hata ingepatikana prosesa isiyotumia muda wowote, tungebaki na 60. Lakini tukiiacha prosesa ile ile, tukaweka diski ya kielektroniki isiyozunguka, na zile sekunde 60 zikawa 6, jumla ni 46. Pengine diski hiyo ni rahisi kuliko prosesa.

Basi hapana budi kupima. Katika Windows, bonyeza kwa pamoja Ctrl, Shift na Esc, kisha uangalie viwango vya prosesa, kumbukumbu na diski wakati kompyuta inapokuchelewesha, wala si wakati imepumzika. Kumbukumbu ikijaa, kompyuta huhamishia mzigo kwenye diski. Dawa yake ni kuongeza kumbukumbu. Prosesa ikikaa karibu na asilimia 100 huku vingine vimetulia, hapo lawama ni ya haki. Lakini kuna mtego: prosesa yenye viini 4 huweza kuonyesha asilimia 25 tu, kumbe kiini kimoja kimeelemewa kabisa na programu isiyojua kugawa kazi. Mtu wa namna hiyo anahitaji viini vyenye kasi zaidi. Kuongezewa idadi ya viini hakutamfaa.

Mara nyingine kasi siyo hoja. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 hukubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, kilichotoka mwaka 2017, isipokuwa chache za kabla yake. Mwenye kizazi cha 7 angedhani atabadilisha prosesa tu, maana soketi za vizazi vyote viwili zina miguso 1,151. La! Kizazi cha 8 hudai bodi kuu mpya, ingawa umbo la soketi ni lile lile. Gharama inakuwa ya prosesa na bodi pamoja, na katika kompyuta nyingi za mkononi prosesa imechomelewa kwenye bodi, haiondoki. Kwa mtu wa namna hiyo, kama kipimo hakikuonyesha prosesa kuelemewa, ipo njia nyingine: kuiwekea mashine ile ile mfumo wa Linux, ambao hupatikana bila malipo na bado hupokea marekebisho ya usalama.