Gari ikifa Marekani, nani analipa kodi ya kununua ingine?

Wandugu, leo naweka mihogo pembeni kidogo. Wengi wetu tuko na mtu Marekani: kaka, shangazi, ao mwenzetu wa promosio. Kule gari njo miguu, bila gari kazi inapotea. Na siku gari inagongwa vibaya, minervali ya mtu hapa Bukavu inaguswa pia.

Asiransi ikiona kutengeneza gari kunapita kiasi fulani cha bei yake, inasema gari imekufa. Haiitengenezi tena, inakulipa bei ambayo gari ilikuwa nayo sokoni mbele tu ya ajali. Si ile uliyonunulia. Inatoa pia sehemu ambayo kontra inasema ni wewe unajibebea, tuseme dola 500. (Hii ni kama ulichukua asiransi inayofunika gari yako mwenyewe. Ile ya bei ya chini inalipa tu mtu uliyemgonga. Muulize ndugu yako iko na ipi.) Na kama gari ilikuwa ya deni, benki inajichukulia yake kwanza.

Sasa njo penye watu wanapoteza. Gari ya dola 9,000 hainunuliwi na dola 9,000. Katika Illinois, leta inakata 6.25 kwa mia juu ya gari inayotoka kwa mfanyabiashara, na miji mingine inaongeza yake. Ile ya leta peke yake ni dola 562 na nusu. Halafu kuna malipo ya karatasi ya umiliki, ambayo inapita dola mia. Sisi wa agronomia tunajua: mfuko wa mbegu ukiwa Uvira, na mfuko ule ule ukishafika shambani, haiko na bei moja. Anayekulipa bei ya Uvira hajakurudishia mbegu.

Je, asiransi inapashwa kulipa kodi hiyo? Inategemea jimbo. Kentucky na California, kanuni inataka kodi na malipo ya kuhamisha umiliki iingie ndani ya pesa unayopewa. Illinois na Ohio ni ingine: unarudishiwa kodi kama umenunua gari ingine ndani ya siku 30 tangu upokee pesa, na umeonyesha karatasi. Ukinunua ya bei ndogo, unarudishiwa kodi uliyolipa kweli. Ukinunua ya bei kubwa, wanahesabu tu juu ya kile walichokulipa.

Mwaka 2020, mahakama ya rufaa ya shirikisho kule Chicago ilikataa madai juu ya kodi hiyo. Ilisema kontra na sheria ya Illinois hazilazimishi kampuni kulipa gharama ambayo mtu hakuitoa. Kwa hesabu, naielewa. Lakini mtu ambaye hawezi kupata gari ndani ya mwezi njo mara mingi yule asiye na akiba, na njo yeye anaachwa.

Yaya yangu anaishi Illinois. Barua aliyopata ilikuwa na mistari mitatu: bei, dola 500 zilizotolewa, na jumla. Neno kodi halikuwamo hata mara moja. Alinunua gari ingine siku ya 12, nikamwambia atume faktire kwa maandishi, si kwa simu tu, na ataje kifungu 919.80 cha kanuni za asiransi za Illinois. Kodi wakairudisha. Malipo ya karatasi ya umiliki bado, na kifungu kile kile kinaitaja, kwa hiyo tumewaandikia tena. Wakinyamaza, kuna idara ya asiransi ya jimbo inayopokea malalamiko. Kila jimbo liko na yake, na kulalamika hakulipishwi.