Bwawa Bila Samaki ni Maskani ya Mbu

Bwawa la samaki lililotelekezwa linaweza kuongeza malaria kijijini, ilhali bwawa lenye samaki hupunguza mbu. Hayo yalibainika kupitia utafiti uliofanyika hapa Gusii, katika eneo la Nyamarimba, iliyokuwa Wilaya ya Kisii ya Kati.

Watafiti wakiongozwa na Annabel Howard walichukua mabwawa matatu. Mawili waliyaweka tilapia, samaki ambao wengi huwaita ngege. La tatu waliliacha bila samaki ili kulinganisha. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 yalionyesha kuwa, baada ya wiki 15, viluwiluwi vya mbu wanaoeneza malaria vilikuwa vimepungua kwa zaidi ya asilimia 94 katika mabwawa yenye samaki. Utafiti mwingine uliofanywa Kisii ulionyesha kuwa mabwawa yaliyoachwa huwa na mbu hao wengi kuliko yanayotunzwa.

Kwa nini jambo hili ni muhimu milimani? Mji wa Kisii uko takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na sehemu za Nyamira ziko juu zaidi. Kwa muda mrefu baridi ilikuwa kinga. Mbu akimuuma mgonjwa hunyonya vimelea, navyo ni lazima vikomae mwilini mwake kabla ya kumwambukiza mtu mwingine. Kwenye nyuzijoto 25, vimelea hukomaa kwa siku 12 hivi. Kwenye nyuzi 20 huchukua takriban wiki nne, na mbu wengi hufa kabla ya hapo. Chini ya nyuzi 16 havikomai. Kwa hivyo hata ongezeko dogo la joto lina athari kubwa.

Wanasayansi wamebishana kuhusu chanzo cha kuongezeka kwa malaria katika nyanda za juu. Mwaka 2002, kundi moja lilichunguza maeneo manne ya Afrika Mashariki, likiwemo Kericho linalopakana na Nyamira, na kusema halikuona joto likipanda. Mwaka 2006, kundi lingine lilichambua upya takwimu za maeneo hayo na kubaini kuwa joto limepanda. Wengine hutaja pia usugu wa vimelea dhidi ya dawa na kufyekwa kwa misitu na vinamasi.

Mjadala huo haumzuii mkazi kuchukua hatua. Maelfu ya mabwawa yalichimbwa nchini kuanzia 2009 chini ya mpango wa serikali wa kufufua uchumi, na kila bwawa lililoachwa ni hatari kwa jirani pia.

Wenye mabwawa wanahimizwa:

- Kuweka samaki mara tu maji yanapojaa, na kufyeka nyasi kingoni ambako viluwiluwi hujificha.
- Kumwaga maji na kufukia bwawa lisilotumika, pamoja na mashimo ya kuchimbia udongo wa matofali.
- Kutafuta ushauri wa afisa wa uvuvi kuhusu vifaranga na chakula.

Samaki hawachukui nafasi ya neti. Kila mtu alale ndani ya neti iliyotiwa dawa. Malaria huongezeka hapa kwetu baada ya mvua ya masika, hasa Juni na Julai. Mtoto au mtu mzima akipata homa, apimwe mapema katika zahanati au na mhudumu wa afya ya jamii, kabla ya kumeza dawa yoyote.