Barua na Nafsi: Jinsi Mtu Anavyojijenga kwa Kumwandikia Mwenzake

Katika mihadhara yetu ya fasihi, akitajwa mtu aliyeandika habari zake mwenyewe, jina la kwanza ni Shaaban Robert, na kitabu ni Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini. Ni haki yake. Lakini mwandishi huyohuyo alituachia maandishi mengine ya nafsi ambayo wengi wetu hatuyagusi: barua alizomwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, kati ya 1931 na 1958. Zilihaririwa na M. M. Mulokozi na kuchapishwa na iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili (TUKI). Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini barua za miaka mingi humjenga anayeziandika, na hujenga urafiki, kwa namna ambayo tawasifu haiwezi.

Tofauti ya kwanza ni wakati. Mwandishi wa tawasifu anajua hadithi yake imefikia wapi, kwa hiyo huchagua na kupanga. Mwandishi wa barua hajui kesho. Mwaka 1931 Shaaban Robert alikuwa kijana wa miaka 22, karani wa forodha. Hakujua kwamba siku moja tungetahiniwa juu yake! Nafsi ya kwenye barua bado inatafutwa. Ya kwenye tawasifu imekwishapatikana.

Tofauti ya pili ni hadhira. Tawasifu husema na kila mtu. Barua husema na mtu mmoja anayekufahamu, na ambaye atajibu. Ukijikweza, atakushusha, ukijidharau, atakuinua. Basi ile "mimi" ya kwenye barua si kazi ya mtu mmoja, bali ya wawili.

Wapo watakaosema: barua zenyewe zote si zinafanana? Hoja hii ina uzito. Shangazi yangu wa Tandika, Temeke, anatunza kwenye sanduku la bati barua za rafiki yake aliyesoma naye, ambaye baadaye alihamia Tabora. Za mwanzo zote zinaanza vilevile: mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ukisoma tatu tu utachoka. Lakini soma zote kwa mfuatano uone. Mwaka hadi mwaka salamu zinafupika. Majina ya utani yanaingia. Halafu inakuja barua ya msiba wa mtoto, haina salamu kabisa, inaanza na jambo lenyewe. Hapo ndipo utakapojua urafiki umekomaa: pale kanuni ilipovunjika. Bila kanuni, tusingeona mvunjiko.

Njia ya posta nayo ilichangia. Kwetu barua haikuletwa mlangoni. Ilipitia sanduku la posta la ofisi, la shule, la msikiti au la kanisa, na mikono kadhaa. Jibu lilichukua majuma. Kuchelewa huko kulimpa mtu nafasi ya kupima neno, na hofu ya mkono wa tatu ilimfundisha mafumbo. Shangazi na mwenzake wana maneno ambayo hata sisi wa nyumbani hatuyaelewi. Hii, ndugu msomaji, ni lugha ya watu wawili, na mhakiki akiipuuza amepuuza mtindo.

Sidai kwamba kila barua ni fasihi. Ninachodai ni kwamba tukisoma tawasifu peke yake tunasoma nafsi iliyokwishapigwa pasi. Tena tukumbuke kuwa kitabu cha barua za Shaaban Robert kipo kwa sababu kuna mtu aliyezitunza. Bila mtunzaji, hakuna matini ya kuhakiki.

Na huku kwetu? Nyumba za kupanga Temeke na Kinondoni watu huhama kila mara, na karatasi ndizo hutupwa kwanza. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliondoka na mali za wakazi wengi wa bonde la Msimbazi. Sidhani masanduku ya barua yalisalimika. Kizazi kilichoandikiana kwa kalamu kinazeeka. Tunaotafuta mada za tasnifu tuanze nyumbani kwetu, ila tuombe ruhusa kwanza, tena pande zote mbili. Barua ina wenyewe wawili.